Siku Niliyoomba Mayele

Katika shirika letu la juu Kadutu, mtaa wa Bukavu, majirani wachache tunaosali pamoja kila Jumatano soko likishafungwa, kila mtu hutamka ombi lake kwa sauti. Wengine huitikia, "Ee Bwana, utusikie," na zamu inaenda kwa anayefuata. Hakuna anayeulizwa kitu. Ukiomba mume, tunaitikia. Ukiomba visa ya Canada, tunaitikia. Baba mmoja aliwahi kuomba parsele, kiwanja cha nyumba, inayofikiwa na gari, akataja hadi mtaa anaoutaka, nasi tukaitikia bila kucheka, maana nyumba zetu zimeshikilia mlima kwa kucha, na mvua ikianza kila mtu anausikiliza udongo.

Mimi niliomba njia. "Bwana anifungulie njia." Sikuwahi kubadilisha neno. Huku kwetu ukisema njia watu wameelewa: pa kutokea, kazi ya mbali, mtu wa kukupokea huko. Nilikuwa nimeishi Uvira, nikaishi Kindu, nikakaa Kisangani kuliko kote, na kila nilipofika nilianza kuukumbuka mji niliouacha. Nilirudi Bukavu kumzika mama. Nikapanga chumba, nikaanza kuuza viatu vya mitumba, nikisema ni kwa muda. Tangu hapo mji wenyewe umepungukiwa watu. Wengi wamevuka mto Ruzizi kwenda nchi jirani na hawajarudi. Katika ua wetu kuna milango ambayo kufuli zake zimeota kutu, na asubuhi nikitoka kupiga mswaki hakuna wa kumwambia "umeamka aje".

Kisha njia ikafunguka. Rafiki yangu wa Kisangani alipiga simu: kwenye depo ya mafuta ya mawese anakofanya kazi wanataka mtu wa kupokea mzigo na kuuandika, mtu mzima, asiyelewa. Amenitaja. Nijibu kabla Jumapili haijaisha, la sivyo watamchukua mwingine.

Nilipaswa kufurahi. Niliketi kitandani na simu mkononi, nikamfikiria baba.

Baba anaishi peke yake kijijini Nyantende, katika nyumba ileile tulimozaliwa. Dada yangu aliolewa Minova, hafiki mara kwa mara. Masikio ya baba yamekufa karibu yote, na kuhamia mjini hataki kusikia, kwa maana zote mbili. Nilikuwa nikipanda kumwona Jumapili moja moja, nampelekea sabuni na sambaza, vile visamaki vya ziwani, narudi kabla ya jioni.

Jumatano ile somo lilihusu yule mfalme kijana ambaye Mungu alimwuliza ndotoni anataka nini, naye akaacha mali na maisha marefu, akaomba moyo wa kusikia ili aweze kuamua. Somo hilo nalijua tangu katekisimu. Siku hiyo lilinikalia kifuani. Zamu yangu ilipofika nikaamua kuomba hekima. Lakini kwa miaka mingi nilisali Kisangani kwa Kilingala, na huko neno hilo ni mayele, unamwomba Mungu kanisani bila haya. Ndilo lililotoka.

"Bwana anipatie mayele."

Hakuna aliyeitikia. Bukavu mayele ni ujanja. Mayele ni ya yule anayekuuzia simu, ukifika nyumbani unakuta ndani ni kipande cha sabuni.

Maman mwenye nyumba, anayeuza sombe, majani ya muhogo, mlangoni kwake, ndiye aliyeanza. "Papa, mayele ya kuibia nani?"

"Mayele unakuya kulomba kwa Mungu?" jirani yake akadakia. "Iko ku soko, banauzisha. Na ye ni mutu wa soko."

"Njo maana kiatu yangu ilifunguka mudomo siku ya pili," akasema mwingine.

Walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Mimi pia nilicheka. Muongozi wetu, mwalimu mstaafu, akasubiri watulie. "Papa alitaka kusema hekima. Si njo vile?"

"Njo vile."

"Hekima ya kufanya nini?"

Nimesema hakuna anayeulizwa kitu pale. Nadhani hata yeye hakukusudia. Niliinama kufunga kamba ya kiatu, na kicheko kikaisha polepole, kama maji yanavyoisha kwenye bomba. "Bon," akasema muongozi, "Mungu anajua." Wakaitikia.

Niliporudi chumbani nilikuja na swali lile. Maana siku mbili hizo tangu ile simu nilikuwa nimekwisha kupanga kila kitu. Nitamnunulia baba simu ya vitufe vikubwa, kana kwamba simu inamsaidia mtu asiyesikia. Nitapatana na jirani amchungulie. Nitamwomba dada aje mara nyingi zaidi, dada mwenye watoto na shamba lake. Baba mwenyewe nitamwambia kwa namna ambayo atanijibu "enda", na nikishapata neno hilo nitapanda pikipiki nikiwa mwana mwema. Niliona wazi kwamba ulimi wangu haukukosea sana. Nilichokuwa nakitafuta ni mayele. Hekima ilikuwa shati la Jumapili tu la kuyavalisha mayele hayo.

Sikujua niombe vipi tena. Nilipiga magoti, nikasikia tone la bomba uani tu.

Jumamosi nilipanda Nyantende. Baba alikuwa sebuleni mbele ya redio, kichwa kimeinama, vidole kwenye rozari. Redio ilikuwa imewekwa sauti ya juu kabisa, na ilikuwa inavuma tu, shhhh, katikati ya stesheni mbili. Alikuwa anasali nayo. Nilisogeza sindano hadi sauti ya padri ikatoka safi. Baba hakugeuka, hakuona tofauti yoyote.

Siku nzima nilikaa naye, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Watu walipita njiani wakanyoosha mkono, hawakuingia. Siwalaumu. Kumsalimu baba ni kazi ya mapafu. Mama mmoja alimletea ndizi, akaziweka kizingitini, akaondoka bila neno.

Jioni nikamwambia. Ilinibidi nipige kelele.

"Baba, nimepata kazi Kisangani!"

"Kisanga gani?"

"Ki-sa-nga-ni!"

"Aa. Mbali." Akapuliza moto. "Basi enda. Nani amekukataza? Mi niko muzima. Ile mbuzi yangu njo haiko muzima."

Neno nilikuwa nimelipata, tena bila kulihangaikia. Ningeweza kumpigia rafiki yangu palepale.

Kulikuwa hakujapambazuka vizuri niliposikia sauti yake. Chumba chake na nilipolala vinatenganishwa na ukuta wa mbao usiofika juu. Tangu utoto wangu baba husali asubuhi kwa kunong'ona, na hadi leo anaamini ananong'ona. Lakini hajisikii tena. Alikuwa anasali kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Mtoto anataka kwenda," alimwambia Mungu. "Nimemwambia aende. Umeniona nilivyomwambia vizuri. Sasa wewe ndiye unajua kwamba naogopa. Juzi nimeanguka pale nje ya choo, nimekaa chini mpaka jua likaniunguza. Usimwambie. Atabaki kwa huruma, na mimi sitaki huruma yake. Nipe tu nguvu za miguu, ya masikio nimekuachia."

Nililala macho wazi, bila kujitikisa, kana kwamba angeweza kunisikia. Nilikuwa nimesikia ombi ambalo halikuwa langu kulisikia, na hakuna mtu mwingine Nyantende nzima ambaye angeitikia. Nikaitikia mimi, kimoyomoyo.

Baada ya misa nilimpigia rafiki yangu, nikamwambia siji.

"We iko mugonjwa?" akauliza. "Njo we ulikuwa unalialia njia kila siku."

"Njo mimi."

"Umepata bibi huko, unanificha."

"Sina bibi."

"Basi utakufa na ile biatu yako ya bazungu," akasema, lakini sauti yake haikucheka, na tulipoagana nilijua hatanipigia tena mapema.

Jumatatu nilianza kuhamishia viroba vya viatu Nyantende, kwa baba. Baba alisimama mlangoni akaviangalia.

"Unaenda siku gani?"

"Siendi!"

"Ee?"

"Nasema siendi!"

"Anasema haendi!" jirani akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua. "Muzee, haendi!"

Baba alitafuta usoni mwangu ile huruma asiyoitaka. "Kazi imekataa?"

Nilikumbuka sala yake. Yeye alimwomba Mungu asiniambie. "Imekataa!" nikamjibu.

"Bon. Bahati mbaya." Akasogea ili nipitishe viroba.

Sasa nateremka sokoni asubuhi na kurudi jua likizama. Sijawa mtu wa furaha. Tunakula bugali tukiwa tumeelekeana, naongea, ananijibu jambo lingine, na baadaye tunaacha. Pikipiki zikipita zikielekea Walungu miguu yangu bado inawasha. Hekima, kama hii ndiyo hekima, haikuniondolea hamu ya kwenda, na jioni nyingine upweke wa nyumba hii unazidi ule wa chumba cha Kadutu, kwa kuwa tuko wawili ndani yake. Lakini asubuhi naamka mapema, nabaki kitandani, na upande wa pili wa mbao baba anaanza kunong'ona kwa nguvu zake zote.