Nyimbo ya Mama Mwila mu Machine ya Papa Zébédée

Mu lupango yetu kuko nyumba mbili tu, yetu na ya Papa Zébédée Kisimba. Kwa hiyo hii habari nilisikia karibu yote ku dirisha, bila kutaka. Uongo. Nilikuwa nataka.

Papa Zébédée njo secrétaire ya paroisse yetu ya Baméthodiste. Kama ulibatizwa hapa Kamina kwetu, ao uliolewa hapa, karatasi yako njo yeye aliandika, na vidole mbili, na cravate. Hata siku ya posho, ile Jumamosi, hata mu jua ya mwezi ya kumi, cravate iko. Asubui anapandaka kinga yake, ile baiskeli, machine yake ya ordinateur iko mu saki ya mugongo, anaenda polepole sawa muntu anabeba mayai. Batoto ba njiani banamuita Papa Clé-Hapana, na yeye anabasalimia tu.

Ile jina ilitoka huku: zamani katekiste mumoja alichomeka clé USB yake mu machine ya bureau. Clé ilikuwa na virusi. Dossier zote zikageuka raccourci, unafungula, hakuna kitu ndani. Majina ya ubatizo mia tatu ikaenda. Papa Zébédée akaandika tena yote, miezi tano. Kisha akanunua machine yake mwenyewe, ya occasion, ilishatumika na mwingine, akabandika scotch pale clé inaingiaka, na juu ya scotch akaandika: CLÉ HAPANA. Siku moja hata pasteur alikuya na clé yake mu mukono. Papa akamuangalia sana.

"Pasteur, hii clé ililala wapi jana?"

Pasteur akairudisha mu mufuko.

Bibi ya Papa Zébédée, muke wake, njo Mama Mwila, muntu ya Kinkondja, kule ku ziwa Kisale. Kule kwabo alikuwa mwimbaji ya kilio. Mufu akilala, banamutafuta yeye, hata mu vijiji ya mbali, banamuleta ku kinga ao ku pirogue. Papa Zébédée alimuona mara ya kwanza ku kilio ya mujomba wake. Akarudia ku kilio ya pili, ya tatu, ya bantu hata hakubajua. Dada ya mufu mumoja akachoka naye, akamuuliza: "Weye, muntu ya Kamina, huyu ndugu yetu alikuwa nani yako?"

Akajibu: "Njo naanza kumujua."

Iko sasa miaka makumi tatu na ine ya ndoa.

Sasa sikieni sheria ya famille ya Mama Mwila. Wimbo ya kilio, mu nyumba hakuna mufu, haiimbwe. Haikamatwe mu téléphone, juu sauti inabakiaka, na siku moja mutoto ataibonyeza katikati ya bazima. Na haiandikwe ku karatasi. Karatasi inalalaka mu nyumba sawa muntu, na lufu, njo vile Kiluba inaita kifo, atapita, atasoma, atasema: kumbe beko bananiita.

Lakini bamama bale bengine ba Kinkondja benye kujua hizi nyimbo, beko banakufa, mumoja mumoja. Papa Zébédée akabembeleza bibi yake miaka mbili. Mwisho akamuuliza: "Na mu machine?"

"Mu machine kuko nini?"

"Hakuna sauti. Hakuna karatasi. Unazima, hakuna kitu."

Mama akafikiri. "Lufu anajua kufungula machine?"

"Hana mot de passe, ile neno ya siri ya kufungulia."

Mama alicheka mpaka akaweka sahani chini.

Basi bakaanza. Yeye anasema, polepole, bila kuimba, sawa muntu anataja bintu ya kununua ku soko, na bwana yake anaandika, macho ku touche. Miaka ine. Nyimbo mia moja makumi sita na tatu. Kuko ya mutoto mudogo, kuko ya mwanamuke alikufa na mimba, kuko ya muzee alikufa bila kuacha mutoto. Na iko moja ya muntu muchoyo, ile nilikuwa naipenda sana: muchimbie shimo ya murefu, huyu alikuwa anarudiaka kuangalia nani alikula.

Mwaka jana, mwezi ya pili, Mama Mwila akaanguka pale ku bassine ya mihogo. AVC, kiharusi. Akapona, lakini mukono ya kuume ikakufa na maneno ikaisha yote. Hata jina ya bwana yake. Miezi tatu aliangalia ukuta. Unamusalimia, anakuangalia sawa unasema Kichina.

Siku moja Papa, juu hakujua tena afanye nini, akafungula machine na akamusomea wimbo moja. Kusoma tu, na ile sauti yake ya kusoma matangazo ya paroisse. Akafika pale bantu banaitikaka, na Mama akaitika. Mu pua, bila maneno, mmm, mmm, lakini ilikuwa wimbo yenyewe, na mupando na mushuko yake. Minyi nilikuwa naosha sahani. Niliacha maji inamwangika.

Mama yangu akavuka kwenda kumuonya. "Papa Zébédée, nyimbo ya kilio mu nyumba ya muzima?"

"Mama Christelle, lufu alishafika ku mulango, akarudia. Acha tumuimbie mugongo yake."

Kutoka ile siku, kila saa kumi na moja ya magaribi, Mama Mwila anakala ku kiti yake, anangoya. Batterie ya machine ilishakufa zamani, inatumika tu kama imechomekwa, na panneau yabo ya jua na batterie ya gari inapatia saa moja, haipite. Basi saa moja ya nyimbo. Mama akaanza kunenepa. Akaanza kushika bwana yake ku cravate na mukono ya kushoto, anavuta, sawa kusema endelea.

Na pale, mwezi ya sita, paroisse ikapata antenne ya internet. Sisi bote tulifurahi, musiniulize. Machine ya Papa ilikuwa miaka saba haijaonja internet, ikakula sawa muntu anatoka ku jeûne, ku kufunga. Na ikaleta mise à jour, ile kazi machine inafanyaka ya kujigeuza mupya. Munajua ile écran, nukta inazunguluka, chini banaandika: usizime ordinateur yako. Papa Zébédée ni muntu ya kuheshimu kila kitu kimeandikwa. Yeye hakuzima, courant njo ilikatika. Anafika ku nyumba, anachomeka, mise à jour inaanza yenyewe, douze pour cent, kumi na mbili ku mia, vingt, trente-cinq, kisha inasema haikuwezekana, inarudisha vile ilikuwa. Dakika makumi tano imekwenda. Kunabakia kumi. Kesho yake tena. Kesho yake tena. Mara ingine batterie inakatika katikati ya wimbo, na Mama anabakia na mmm yake moja, anageuza kichwa kwa bwana yake.

Papa akaenda kwa Isaïe, ule wa kutengeneza matéléphone na mamachine pale karibu ya gare. Isaïe akaangalia.

"Papa, hii inaomba courant, umeme ya masaa tatu, bila kukata. Ikiisha, itakuacha kimya. Lakini kwanza unipatie fichiers zako, zile uliandika, nizikopie ku clé, zisipotee."

Papa akamuonyesha scotch.

"Clé yangu iko safi, Papa."

"Kila clé iko safi mpaka inaingia."

Isaïe akacheka, na yeye akacheka. Bakaachana vile.

Sasa saa tatu ya courant utaipata wapi? Courant ya mji inakuyaka sawa shemeji, bila kuambia, na haikalake. Kunabakia tu groupe ya kanisa, ile jenereta. Siku ya mungu groupe inawaka saa mbili na nusu asubui, juu ya micro na guitare, na ibada ikiisha, amen ya mwisho haijaanguka chini, Papa Manassé alishaizima. Papa Manassé njo diacre ya essence, yeye njo anachunga mafuta ya groupe. Kwake essence ni sawa damu ya kwake.

Papa Zébédée akaenda kumuona Philémon, mukubwa ya chorale yetu.

"Philémon, siku ya mungu, nyuma ya baraka, muongeze nyimbo."

"Ngapi?"

"Mpaka nitashusha mukono."

"Na Papa Manassé?"

"Usimuambie. Huyu akisikia neno kuongeza, anakalia réservoir."

Philémon akatuambia sisi ba chorale, na tulifurahia hii siri sawa batoto. Kusaidia Mama Mwila na kuchokoza Papa Manassé mara moja, nani angekataa?

Siku ya mungu machine ikachomekwa mu bureau, na ku benchi yetu tulikuwa tunaona mulango ya bureau. Baraka ilitoka saa tano kasoro robo. Papa Zébédée akasimama pale mulangoni, akainua vidole saba: soixante-dix, machine imefika makumi saba ku mia. Philémon akapiga mukono, tukaanza. Wimbo ya kwanza. Ya pili. Bamama bazee bakatoka na mitandio, bakaanza kucheza mu njia ya katikati. Pasteur akarudia ku micro, akasema leo Roho iko mu chorale. Papa Manassé alikuwa anasimama karibu ya mulango, anaangalia saa, lakini nani atazima groupe mbele ya Roho? Vidole munane. Wimbo ya ine, ya tano. Ba soprano tulikuwa tumekauka, tunacheka na tunaimba. Vidole kenda. Cravate ya Papa ilikuwa imeruka mu bega. Kisha akainua kenda na nusu, ile ya nusu alikunja kidole, na nilimuona anacheka, meno yote inje.

Groupe ikakohoa. Mara moja, mara mbili. Micro ikakufa.

Bantu hawakuacha, bakaimba bila micro, hata vizuri kupita. Papa Zébédée alibakia na mikono juu, kenda na nusu, sawa bamemusahau pale. Kisha akaingia mu bureau.

Papa Manassé akakuya mbio, chupa mu mukono, ile anapimiaka.

"Kila siku ya mungu napima litre mbili. Litre mbili ni masaa tatu. Nani aliniambia leo munaimba sawa Pasaka?"

Philémon alikuwa anaangalia viatu yake. Mwisho Papa Zébédée akatoka, akamuambia yote, juu ya machine na juu ya Mama Mwila. Papa Manassé akasikiliza mpaka mwisho.

"Zébédée. Iko bidon ya litre tano, nyuma ya kabati ya batoto. Iko pale tangu mwezi ya ine. Ungeniambia tu."

Hakusema na kasirani. Ingekuwa na kasirani, ingekuwa muzuri kupita.

Kesho yake machine inawaka, inakuwa nyeusi, inazima, inawaka. Isaïe akatoa disque ndani, akaichomeka mu machine yake. Dossier ikatokea, jina yake MWILA. Papa akasema asante Mungu. Isaïe akafungula fichier. Ukurasa mweupe.

"Fungula tena."

Akafungula tena. Mara ine akafungula, na kila mara ule ukurasa mweupe, na ile mustari mudogo inapepesa pale juu, inangoya muntu aandike.

"Papa, jina imebakia. Ndani hakuna. Disque ilikuwa inaandika saa courant ilikatika, na pale iliumia, njo pale nyimbo ilikuwa."

Isaïe akajaribu siku mbili tena, na logiciel ingine na ingine. Kisha akasafisha disque, akaweka système mupya. Machine ilirudi mbio sana, sawa kijana. Ku écran iliandikwa yote iko à jour, yote mupya.

Ile magaribi Mama Mwila alikuwa ku kiti. Papa akachomeka machine, akaifungula, sijui juu ya nini, desturi tu. Mama akavuta cravate. Papa akajaribu ya kichwa, bila kusoma. Akaanza ile ya muchoyo, akachanganya na ya muzee bila batoto, akarudi nyuma. Miaka ine maneno ilipita kwa maskio yake ikaenda ku vidole, haikukala katikati. Mama alifunga kinywa. Alikuwa anamuangalia sawa unaangalia muntu anavaa shati ya muntu mwingine.

"Mwila, nimezipoteza," akasema. "Zote. Lufu hakufungula. Njo minyi."

Sijui kama alisikia. Hakuachia cravate.

Papa akafunika machine, akasogeza kiti mpaka magoti yabo ikagusana, na akaanza ingine, ya mwanamuke mwenye nyumba, juu ile alikuwa anajua namna inaanza.

"Nani sasa ataita kuku. Nani sasa atafunga mukeka. Nani sasa..."

Akakwama pale. Yeye akamuangalia bibi yake amupatie mustari inafuata, na Mama Mwila alikuwa anamuangalia yeye, kinywa wazi kidogo, tayari kuitika.