Sakafu ya Ghala na Mguu Wangu wa Kushoto

Kabla sijaumia nilikuwa na miguu miwili iliyo sawa na kichwa kisichotulia. Naanza na kichwa kwa sababu ndicho kilichonipeleka ghalani. Wewe unayesoma haya ukiwa kitandani, au ukiwa umeketi kando ya kitanda cha mtu wako, nivumilie kidogo. Nitafika kwenye mguu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Kampala. Kwetu Mabanga, karibu na Bungoma, watu walikuja kula nyama ya sherehe yangu bila kujua nimesomea nini. Kisha nikapata kazi ya kufundisha Kitale, nikapanga chumba Kibomet. Kila jioni nilirudi nyumbani nikirudia kichwani yote niliyosema darasani. Je, yule mwanafunzi alicheka kwa sababu ya Kiingereza changu? Mwalimu mkuu aliposema "mm", alikuwa amefurahi au amechoka nami? Mtu akinisalimu njiani, niliwaza jibu langu mpaka nikafika mlangoni.

Aliyenipa nafuu ni Salim, rafiki yangu tangu utotoni, mwana wa fundi cherehani anayekaa karibu na msikiti wa Bungoma. Alikuwa utingo wa lori la mahindi kati ya Bungoma na Kitale. Familia moja ya Wahindi ilipohama ilimwachia viatu vya magurudumu, vile vya chuma ambavyo unavikaza chini ya viatu vyako kwa ufunguo mdogo, kisha unafunga mkanda wa ngozi kwenye kifundo cha mguu.

Shida ya viatu hivyo ni sakafu. Barabara zetu zilikuwa za udongo na changarawe. Bungoma kulikuwa na baraza ya saruji mbele ya maduka, na Jumapili mafundi wakiwa wameingiza cherehani zao ungeweza kuteleza kutoka nguzo hii hadi ile, mpaka mwenye duka aliyelala nyuma asikie kelele za chuma na kutoka na ufagio. Chwele kulikuwa na sakafu ya kuanikia kahawa. Ilikuwa nzuri sana msimu ukiisha, lakini wenye kahawa walitufukuza wakisema tunaichubua sakafu. Kitale yenyewe, watu walisema klabu ya Wazungu ina sakafu ya mbao inayong'aa kama kioo. Sisi tuliijua kutoka barabarani tu.

Likabaki ghala moja la mahindi karibu na stesheni ya Kitale. Mwezi wa saba mahindi ya zamani yalikuwa yameondoka na mapya hayajavunwa, na mlinzi alikuwa anamjua Salim. Jumapili mchana alitufungulia. Sakafu ilikuwa ndefu, laini, yenye baridi. Tulivaa kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nilijisukuma mara moja, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke Kampala sikuwaza lolote. Nilikuwa nasikia magurudumu tu.

"Msomi, kunja magoti kidogo, bana," Salim alisema. "Umesimama ni kama unasoma Biblia mbele ya watu."

Nilicheka, nikakunja magoti, nikaongeza mwendo. Hapo gurudumu likakanyaga punje ya hindi iliyobaki kwenye ufa. Mguu wa kushoto ukasimama, mimi nikaendelea. Niliangukia kona ya chuma ya mizani ya kupimia magunia. Ngozi ilipasuka chini ya goti, na kabla damu haijafunika niliona kitu cheupe.

"Twende hosipitali," Salim alisema.

"Ni ngozi tu."

"Ngozi gani nyeupe hivyo?"

Nilifunga leso, nikatembea mpaka Kibomet. Siku iliyofuata nilifundisha nikiwa nimesimama.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Mwaka ule ulikuwa wa tohara. Sisi Wabukusu hutahiri vijana mwezi wa nane, mwaka mmoja ndiyo, mwingine hapana. Kijana husimama mbele ya watu wote, na haruhusiwi hata kupepesa jicho. Anayeshtuka hutajwa na watu mpaka azeeke. Wakati wangu ulipofika nilisimama vizuri, na aliyesimama mbele yangu akinikazia macho alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Mimi ambaye huwaza kila kitu mara kumi, jambo hili sikuwahi kuliwaza hata kidogo. Lilikuwa limeingia mwilini kama kujua kutembea.

Kidonda kilifunga juu, nikadhani kimepona. Ndani hakikufunga. Mguu ulivimba ukawa moto, ngozi ikang'aa. Usiku mfupa ulipiga kama moyo. Nilianza kutetemeka darasani na kusingizia baridi ya Kitale. Mjomba alikuja kunichukua tukamtahiri mwanawe, akanikuta nimelala na jasho limelowesha blanketi.

"Hii ni malaria," alisema. "Amuka twende."

Daktari wa hospitali tuliyokwenda alikuwa Mzungu, mpole, mwenye wagonjwa wengi nje. Alisikia habari ya homa, kisha akaona mguu. Aliuweka mkononi, akabonyeza juu ya mfupa kwa kidole gumba.

"Inauma hapa?"

Mjomba alikuwa amesimama miguuni pangu, mikono mgongoni, ananitazama usoni. Nilikaza macho ukutani. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno.

"Hapana," nilisema.

"Na hapa?"

"Hapana."

Daktari alinitazama kidogo, akaandika dawa ya malaria na marhamu ya kidonda. Tulipotoka mjomba alinipiga begani. "Hata hukupepesa. Huyu ni wetu kabisa." Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilifurahi njia nzima ya kurudi Mabanga, nikiwa nimelala juu ya magunia kwenye lori la Salim, huku kila shimo la barabara likinitoa machozi upande ambao mjomba hakuuona.

Nyumbani kulikuwa na kengele za watahiriwa, nyimbo na pombe. Mimi nilikuwa ndani. Siku chache baadaye ngozi ilipasuka yenyewe na usaha ukatoka, wa kijani, wenye harufu ya panya aliyekufa chini ya kitanda. Nzi walinifuata. Wageni walikunywa chai nje. Mama alikuja akaketi, akafunua kitambaa bila kuziba pua.

"Unauma?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Sijakuuliza wewe. Nimeuliza mguu."

Aliweka kiganja chake juu ya uvimbe, kwa wepesi tu, na vidole vya mguu vikajikunja vyenyewe. Alivitazama. Akainuka, akatoka nje katikati ya nyimbo, na nikamsikia akimwambia mtu amtafute Salim na lori lake.

Daktari alikuwa yule yule. Alifunua, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini ulisema hauumi?"

Mimi na shahada yangu tulitazama shuka.

"Mfupa unaoza," alisema. "Ungelishtuka hata kidogo siku ile, ningeliupasua siku ile ile. Sasa huenda nikaukata mguu, juu ya goti."

Mama alinishika mkono. Mjomba, aliyekuwa amekuja nasi, aliangalia dirishani.

Daktari alisema atajaribu kwanza kuupasua mfupa na kuukwangua, na kunipa sindano za penisilini. Lakini alitaka kujua ugonjwa umefika wapi. Kama umefika gotini, hakuna la kujaribu. "Nitabonyeza kuanzia chini kwenda juu," alisema. "Usiniambie kwa maneno. Maneno yako siyaamini tena. Panapouma, piga kelele. Pasipouma, nyamaza. Mguu wako unategemea hilo."

Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee wa kwetu aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Aligeuza kichwa kututazama. Mjomba akarudi kutoka dirishani, akasimama pale pale miguuni pangu, mikono mgongoni. Sijui kama alikusudia. Labda alikosa tu pa kusimama. Nimelifikiria sana jambo hilo na bado sijui.

Kidole kiligusa. Macho yangu yalikwenda ukutani yenyewe. Daktari akangoja. Nikajua nikinyamaza atadhani mfupa wa hapo ni mzima, atauacha, nao utaendelea kuoza mpaka goti, kisha paja. Nilifungua mdomo na haikutoka sauti. Mara ya pili ilitoka. Nililia kama mbuzi, wodi nzima ikasikia. Alipanda kidogo, nikalia. Alipanda tena, nikalia na kumwita mama, aliyekuwa kando yangu. Karibu na goti alibonyeza, nikatafuta maumivu, hayakuwepo. Nikanyamaza.

"Hakika?" daktari aliuliza.

"Hapo hakuna," nilisema.

Nilipofuta macho, mjomba alikuwa ametoka. Yule mzee wa jirani alisema kwa Kibukusu, bila kunitazama, "Afadhali hivyo. Mimi nilinyamaza."

Nilipasuliwa. Siwezi kusema nilipona baada ya hapo, kwa maana sikupona, nilikaa tu bila kufa. Kidonda kiliachwa wazi ili kioshwe, na vipande vya mfupa vilikuwa vikitoka pamoja na usaha, vingine kama meno ya mtoto. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka. Mara mbili daktari alisema tungoje kidogo kabla ya kukata. Shule ilipata mwalimu mwingine. Mzee wa jirani alikufa alfajiri, na kitanda chake kikapata mtu kabla ya chakula cha mchana. Nililala nikiwaza kwamba hata nikibaki na mguu, nitaupeleka wapi.

Kidonda kilipoanza kujaa nyama nyekundu, goti lilikuwa limekauka kama ubao. Salim alikuja kuniona, akiwa na kiatu kimoja cha magurudumu ndani ya gunia. Nilimwambia akiondoe mbele ya macho yangu.

"Sikuleta ya kucheza," alisema. "Daktari ndiye amesema. Nilimwambia uliumia na nini, akaniuliza kama ingali iko."

Waliniketisha kwenye benchi, barazani mwa wodi. Wakafunga kiatu kile chini ya mguu wa kushoto, na kazi yangu ikawa kuusukuma mbele na kuurudisha nyuma, mbele na nyuma, ili goti likumbuke kukunjika. Baraza ile ilikuwa ya saruji nyekundu iliyopakwa nta. Katika sakafu zote tulizotafuta, Bungoma, Chwele na Kitale, sikuwahi kuona laini kama ile. Mwanzoni mguu ulisogea upana wa kidole. Nililia kila siku, na hakuna aliyeshangaa.

Sasa natembea kwa fimbo. Goti linakunjika nusu. Mguu wa kushoto ni mfupi, na mvua ikikaribia kutoka mlimani naujua mapema. Sitateleza tena mahali popote, na sina hakika shule gani itamchukua mwalimu asiyeweza kusimama asubuhi nzima. Mjomba huwaambia watu kwamba siku ile sikuwa na fahamu, kwamba ni homa iliyolia. Nilikuwa na fahamu zangu zote.

Namshukuru Mungu, daktari yule, Salim na lori lake, na mama aliyeuliza mguu badala ya kuniuliza mimi. Nanyi mliolala, ushauri wangu ni mdogo. Daktari akibonyeza, usijikaze kama uliyesimama kutahiriwa mbele ya watu wa kwenu. Mwambie panapouma. Si lazima hilo likuponye, lakini atajua pa kuanzia.

Mama bado huuliza kila asubuhi, akiwa ameshika birika.

"Mguu unasemaje?"

"Unauma, mama."

"Vizuri," anasema, na ananimiminia chai.