Mafuta ya Kondoo Kwenye Tundu la Plagi

Najua wapo watakaosema mzee huyu anatunga. Sawa, mkono wangu wa kulia huu hapa. Unuseni kwanza, halafu tuendelee.

Enzi za Mjerumani nilikuwa fundi kwenye shamba la mzungu mmoja chini ya Mlima Meru, upande wa Maji ya Chai. Jina lake lilitushinda kulitamka, tukamwita Bwana Ndevu. Alikuwa na pikipiki, na aliipenda kuliko watu wote pale shambani. Mimi nilitoka Tanga, nilikuwa nimeshika vyuma vya reli kidogo, basi nikafanywa daktari wa pikipiki hiyo.

Wiki ya kisa hiki nilikuwa naoa. Mchumba wangu Mwanaidi alikaa mjini Arusha, karibu na boma la Wajerumani, binti wa Mzee Shomari muuza nguo. Harusi ilikuwa imeahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya kazi za Bwana Ndevu, na mkwe alishachoka. "Kijana," aliniambia, "Ijumaa hii baada ya sala usipoonekana, nitamwozesha anayeonekana." Na anayeonekana alikuwepo, mshona kanzu mmoja mwenye meno mazuri. Nadhani hali yangu mnaielewa.

Alhamisi asubuhi Bwana Ndevu akaamua kuikaza plagi mwenyewe. Plagi ni kile kichuma kinachotoa cheche injini iwake. Inaingia kwenye tundu kwa kuzungushwa kama skrubu, na tundu lina nyuzi zake za kuishika. Bwana akachukua spana ndefu, akaiegemea na kitambi chote. Nyuzi zikakatika, zikamwagika kiganjani mwake kama pumba. Akazitazama, akanitazama mimi.

"Pikipiki ikilia, wewe kwenda harusi," akasema. "Isipolia, wewe kaa."

Nikaifunga plagi kwa kitambaa, halafu kwa waya. Tulipowasha ikachomoka kama risasi, ikatoboa sufuria ya mpishi, na mpishi akatoka na mwiko kunitafuta. Ndipo mama mmoja wa Kimeru aliyetuletea maziwa akanihurumia. Akasema ukiupanda mto mpaka penye miti mikubwa, zamani palikuwa na mhunzi Mwarusha. Mimi sikuuliza zamani ipi. Mtu mwenye harusi kesho anauliza maswali?

Nikaisukuma pikipiki alasiri ile mpaka mapafu yakataka kutoka. Ukungu ukashuka, nikasikia harufu ya mkaa. Mzee mmoja aliyejifunika ngozi ya mbuzi alikuwa anavukuta moto. Nikainamisha kichwa mbele yake, kama desturi ya huko.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mlete mnyama wako."

Kiganja alichoniwekea utosini kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikajiambia ni ukungu.

Akaingiza kidole kwenye tundu, akacheka peke yake. Akalipanua tundu, akafua pete nene kutoka kwenye bangili ya shaba, akaigongelea humo ikakaa. Kisha akaniomba ile plagi mbovu iliyotoboa sufuria, niliyokuwa nayo mfukoni, akaikwangua mifereji ubavuni kwa tupa, ili ikizungushwa ikate. Akaipaka mafuta ya kondoo, akaanza kuizungusha ndani ya shaba, mbele kidogo, nyuma kidogo. Kila akiitoa, vumbi la shaba lilikuwa limenasa kwenye mafuta. Hata chembe haikuanguka ndani ya injini. Niaminini, nimefanya kazi na mafundi wengi, na nilitamani kumkumbatia.

Lakini kulikuwa na jambo. Nyundo yake ilipokuwa ikigonga ile pete niliona cheche zikiruka, na masikio yangu hayakusikia kitu isipokuwa mto.

"Babu, mbona nyundo yako haina sauti?"

"Imechoka," akasema. "Nyoosha mkono."

Akanipaka mafuta kiganja kizima. "Chuma cha mhunzi hakipokelewi kwa mkono mkavu, kina damu ya wale watakaochomwa nacho. Ukipakwa ukakishika, hakitakuacha."

Waarusha na Wamasai wanaijua desturi hiyo tangu utoto. Mimi wa Tanga niliona ni uchafu, ila nilitii. Nikaikaza plagi mpya niliyopewa na Bwana Ndevu kwa mkono huohuo, nikapiga teke, pikipiki ikalia. Nilipogeuka kushukuru, palikuwa na ukungu mtupu.

Asubuhi Bwana Ndevu akataka kuikagua kazi. Akaishika plagi kwa spana, haikusogea. Akaegemea na kitambi, spana ikapinda. Mimi nikaifungua kwa vidole, taratibu, nikaifunga tena. Akaniambia niende harusini, na niende upesi.

Taabu ni kwamba mafuta hayakutoka. Nilinawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga, mkono ukabaki unang'aa. Nikafika mjini hivyohivyo, nikaketi mkekani, na mnajua nikahi ilivyo: baba wa binti lazima akushike mkono. Mzee Shomari akaushika wangu, akasita. "Kijana, umekula kondoo kabla ya shughuli?" Watu wakacheka. Mshona kanzu alikuwa mlangoni, meno yote nje. Nikaona kabisa mkwe anavuta mkono wake.

Aliuvuta kweli. Haukutoka. Mkono uliojaa mafuta, na bado haukuteleza. Akanitazama, akatoa macho, kisha akasema haraka, "Nimekuozesha binti yangu Mwanaidi." Nikasema nimekubali. Hapo tu mikono ikaachana.

Siku chache baadaye nilirudi kule na mke wangu, kumpelekea mzee kondoo wa shukrani. Tulikuta rundo la mawe na upupu. Alama za magurudumu ya pikipiki ziliingia mpaka kwenye mawe, za kutoka hazikuwepo. Yule mama wa maziwa alituambia mhunzi huyo alizikwa hapo kabla boma la Wajerumani halijajengwa. Tukayapaka mawe mafuta ya kondoo huyo, tukashuka bila kutazama nyuma.

Bwana Ndevu aliondoka na vita, pikipiki akaiacha. Plagi bado imo. Na mimi, mpaka leo nikipita sokoni paka wananifuata.

Kwa hiyo ukisikia harufu ya mkaa kwenye ukungu wa Meru, msalimie mzee kwa adabu. Akikupaka mkono, fikiri sana kitu utakachokwenda kukishika baadaye. Mwanaidi yumo ndani, anasikia haya. Miaka yote hii amenifokea, ameninunia, amefunga mizigo yake. Hata siku moja hajafika mlangoni, na mimi mkono huu, uliomshika siku ile ya harusi, niliacha kuunawa kwa majivu zamani.