Kivuli cha Kiti cha Mbele

Daktari alimwambia mke wangu kwamba kuanzia siku ile jua halikuwa rafiki yake tena. Ugonjwa alioupata ni wa ngozi, wa aina inayochochewa na jua. Akikaa juani kwa muda, uso unavimba, madoa yanatokea mashavuni na mikononi, kisha homa inamlaza. Hapa Tunduma tulijifunza kuishi nao. Sokoni anakwenda alfajiri, kanisani anakaa upande wa ukuta usio na dirisha, na nguo naanika mimi, jambo lililowachekesha majirani mwanzoni kisha wakalizoea. Namshukuru Mungu kwa kuwa alitupa ugonjwa unaokubali kuepukwa.

Lakini dada yake mkubwa anaishi ng'ambo ya maji. Kutoka kijiji cha Ivuna, upande wetu wa ziwa, zamani ulikuwa unakwenda kwake kwa miguu, ukikatiza mbuga. Ziwa Rukwa limepanda miaka hii, na njia ile sasa iko chini ya maji. Dada huyo ni mzee kuliko sisi sote, macho yameisha, miguu haimbebi, na kwenye simu anasema anasikia upepo tu. Mwaka huu, mvua zilipoanza kupungua, alituma neno kwa wavuvi: mdogo wake aende, aushike mkono wake wakati bado anaweza kuutambua.

Tangu neno lile lifike, mke wangu alipunguza maneno. Katika sala za jioni alikuwa akimtaja dada yake mwisho, halafu ananyamaza kabla ya amina. Mimi nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu na nimefundisha vijana wengi madarasa ya kipaimara, nazijua sala za kuomba na za kushukuru. Ile ya kunyamaza kabla ya amina sikuwa na jibu lake.

Binti yetu ameolewa Ivuna, na mume wake ana kayaki. Aliachiwa na watafiti wa ndege waliokaa kule msimu mmoja, wakaona ni mzigo kuirudisha. Ni ya plastiki, pana, ya watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kila kiti kina mgongo. Mgongo huo ndio uliotupa matumaini. Katika mtumbwi wa wavuvi unakaa chini umekunja magoti, maji yanakulowesha, na goti la mke wangu halikunjiki tangu alipoanguka. Kwenye kayaki angeweza kunyoosha miguu kama aliyekaa kwenye kochi.

Lilibaki jua. Kuvuka alfajiri hakuwezekani, kwa sababu wakati huo viboko ndio wanarudi majini kutoka malishoni, na wavuvi hawamruhusu mtu kupita mpaka wametulia. Kwa hiyo safari ingekuwa ya asubuhi iliyokwisha pambazuka, na maji yenyewe huongeza jua kwa kulirudisha usoni. Mwavuli alikuwa ameujaribu ufukweni mara iliyopita. Upepo uliupindua na kuuvunja mbavu. Nikamwambia mke wangu nitaiwekea kayaki paa. Alinitazama, kisha akaniuliza kama nimewahi kuona kitu cha namna hiyo. Nikamwambia hapana, ila malori nimeyaona mengi.

Anayeishi Tunduma hawezi kukosa turubai. Malori yamepanga foleni mpaka mpakani, na kila lori limefunikwa, na pembeni mwa barabara wapo mafundi wanaokaa chini siku nzima wakishona matundu. Niliingia kwa mmoja wao. Nilikuwa nimeshatembelea maduka mengine nikaona miavuli mikubwa ya wale wanaotoa pesa za simu, nikaona na neti nyeusi ya vitalu, ile inayofunika miche ya kahawa. Nimezaliwa Iyula, nimekua chini ya neti kama hiyo na kabla yake chini ya nyasi zilizotandazwa juu ya fito, lakini niliipita. Niliona inapitisha mwanga. Nilitaka kitu ambacho jua likikipiga lirudi lilikotoka.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mzigo wenyewe unaogopa mvua au jua.

"Ni mke wangu," nikamwambia.

"Basi mzee wangu nitamfunga vizuri. Turubai langu hata moja halijawahi kufunguka kabla ya Lubumbashi."

Alishona kitu kizuri, lazima niseme. Turubai la kijivu, pindo nene, matundu yenye pete za chuma pembeni, kamba za kukaza. Mabomba mepesi ya kusimamisha nilinunua kwa mfanyabiashara wa upande wa Zambia. Vipimo mkwe wangu alikuwa amenitumia kwa simu, kutoka kiti cha mbele hadi nyuma ya kiti cha pili. Nilifanya paa lifunike vyote viwili, kwa sababu nilifikiri na yeye mwenye kupiga kafi anastahili kivuli. Nilijiona nimemfikiria kila mtu.

Tulifika Ivuna kwa gari la jioni, mimi, mke wangu na furushi la turubai. Kesho yake mkwe wangu na mimi tulilifunga. Ni mtu mpole, anafuga mbuzi na analima, na mikono yake ina akili. Tulisimamisha mabomba, tukatandaza, tukakaza kamba mpaka turubai likawa linalia ukilipiga kwa kidole. Mvuvi mmoja aliyekuwa akirekebisha wavu alisimama kututazama.

"Baba, mnasafirisha mama au mbolea?" akauliza.

Nilicheka. Mkwe wangu alicheka pia, ila kidogo, na nikaona alikuwa akiangalia viti viwili chini ya paa lile kama mtu anayetaka kusema neno na hana njia ya kulisema.

Mke wangu alikuja kuiona akiwa amejifunika kitenge kichwani. Mkwe wangu, kama kawaida, alisogea mbali na kugeuza uso. Nimuelezee msomaji asiyetoka kwetu. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Si chuki. Ni heshima, na yenyewe ina upendo ndani yake ukizoea kuitazama. Mkwe wangu akitaka kumwambia mke wangu jambo, anamwambia binti yetu, na binti anamwambia mama yake, hata kama wote watatu wako uwanja mmoja. Vijana wa mjini wameiacha. Mke wangu hajaiacha, na yule kijana, kwa kumheshimu, naye hajaiacha.

Mke wangu alizunguka kayaki taratibu. Aligusa pindo, akasifu mshono. Halafu akasema polepole, ili asisikike mbali:

"Baba, umejenga nyumba."

"Ni kivuli tu."

"Ina nguzo nne na paa. Mimi siwezi kuingia nyumba moja na mkwe wangu, hata ikiwa majini."

Nilimweleza kwamba hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupiga kafi umbali ule isipokuwa mkwe wetu. Mimi mkono wangu wa kulia haupandi zaidi ya bega. Wavuvi hawaijui kayaki. Nikamwambia pia, na hapa nilitumia sauti ya darasani, kwamba mbele za Mungu wote ni watoto, na kwamba Bwana hatamuuliza mtu alikaa chini ya paa la nani akienda kumwona mgonjwa. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mungu hataniuliza," akasema. "Lakini dada yangu ataniuliza nimekujaje. Na huyu kijana nitamharibia. Amenitunzia heshima miaka yote hii, leo nimvunjie mbele ya wavuvi?"

Akarudi ndani. Safari ilikuwa iwe siku ya pili yake, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba huenda isiwepo. Nilikaa kwenye ukingo wa kayaki nikiwa na hasira kidogo. Sikumkasirikia yeye. Nilikuwa nimeomba njia, nikaona nimepewa, na sasa aliyeombewa hakuweza kuipita.

Mchana upepo uliamka. Kule ziwani hausogei taratibu kama huku kwetu milimani. Unakuja umenyooka kutoka katikati ya maji. Kayaki tulikuwa tumeisukuma kwenye maji ya magoti na kuifunga kwenye mti. Turubai likavimba. Kayaki ikajivuta mara ya kwanza, ikajivuta tena, halafu ikainuka upande mmoja na kulala ubavu, taratibu kabisa, kama mnyama aliyechoka. Kamba za fundi wangu hazikufunguka hata moja. Zilikuwa zimefungwa zisifunguke, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Lori halipinduliwi na upepo unaoingia chini ya turubai. Mtu mwenye goti bovu, ndani ya kayaki iliyolala ubavu chini ya turubai lililokazwa hivyo, angetokea wapi?

Mkwe wangu na mimi tuliiinua. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye mabomba. Nilimshukuru Mungu pale pale, nikiwa nimesimama majini, kwa ukaidi wa mke wangu. Halafu nikamuuliza kijana alikuwa akitaka kusema nini asubuhi.

Alisitasita. Akasema, akiangalia kafi yake, kwamba asubuhi aliona ni bora aungue na jua yeye kuliko kukaa pale chini ya paa moja na mama. Kiti chake cha nyuma kiachwe wazi, yeye ana kofia. Ila alikuwa na wasiwasi mwingine: hata bila paa, njia yote atakuwa anauona mgongo wa mama, na mama atajua anaonwa.

Hapo ndipo niliikumbuka ile neti. Kwake haikuwa ya kutafuta, kwa kuwa binti yetu alikuwa ameweka kipande juu ya miche yake ya mboga. Tulikikunja mara mbili ili mwanga upungue. Turubai tulilikata, likabaki dogo, la kufunika kiti cha mbele peke yake, na mabomba tukayakata yawe mafupi, kichwa cha mke wangu kikae karibu na paa. Neti tuliishusha nyuma ya mgongo wake na pembeni mpaka kiunoni, upepo upite. Na badala ya kamba tulifunga kwa mipira ya tairi za baiskeli, ile myembamba ya kufungia mizigo. Ukiisukuma kwa nguvu inanyooka na kuachia. Nilikaa mwenyewe kwenye kiti, nikausukuma ukuta wa neti kwa bega, ukatoka. Tulirudia mpaka nikaridhika kwamba hata mwanamke mzee aliyeshtuka angeutoa.

Nilimwita mke wangu tena. Aliingia, akakaa, akanyoosha goti. Binti yetu akashusha neti nyuma yake. Mkwe wangu alikaa kiti cha nyuma. Sote tulisubiri.

"Yuko?" mke wangu akaniuliza.

"Yuko."

"Simwoni," akasema, na nikajua tutakwenda.

Asubuhi tulisali ufukweni, sala fupi, kwa sababu wavuvi walikuwa wanasubiri. Mimi nilipanda mtumbwi wa yule aliyeuliza kuhusu mbolea, nikakunja magoti yangu mwenyewe, na nikauelewa uzee wangu vizuri. Kayaki ilitangulia. Kutoka nyuma ilionekana ndogo, kafi inainuka kushoto, inainuka kulia, na mbele yake kile kisanduku cha kivuli chenye mtu ndani.

Katikati ya safari upepo mdogo uliamka mapema. Niliona neti ikibonyea, nikaona mkwe wangu akigeuka kututafuta kwa macho. Tulikuwa mbali, sikuweza kupeleka ujumbe wa mtu yeyote kwa mtu yeyote. Yaliyotokea nilisimuliwa baadaye na mke wangu. Alisikia sauti nyuma yake, chini, kama ya mtu anayeongea na maji: "Mama, egemea kushoto." Hakuwa amewahi kusemeshwa na mtu huyo. Aliegemea. Baada ya muda kidogo, akiwa anatazama mbele, akajibu, "Nimeegemea, mwanangu." Wakaendelea hivyo mpaka ng'ambo, neno moja moja, kushoto, kulia, karibu tunafika. Kijana alipiga kafi vizuri, na mawimbi yalipita chini yao.

Mimi nilifika wakati wameshamwingiza ndani. Nyumba ilikuwa na giza la kupendeza. Dada yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameushika mkono wa mke wangu kwa mikono yote miwili, anaupapasa kuanzia kidole mpaka kwenye kiwiko. Kisha akapanda usoni, mashavuni, akarudia mashavu. Alikuwa amesikia habari za ugonjwa.

"Uso wako ni wa baridi," akasema.

Mke wangu alilaza kichwa kwenye bega la dada yake, na mimi nikatoka nje, kwa maana yale hayakuwa ya kutazamwa.

Mke wangu hakurudi nasi. Aliniambia atakaa mpaka dada yake atakaposhiba kumshika, na sote wawili tulijua maana yake. Nilimkubalia. Mchana upepo ulitulia kuliko tulivyotarajia, na mvuvi wetu alikuwa ameendelea na shughuli zake, kwa hiyo nilirudi Ivuna kwa kayaki, kwenye kiti cha mbele. Mkwe wangu aliuliza kama aitoe neti sasa, kwa kuwa ni mimi. Nikamwambia aiache. Mwanga ulipita kwenye matundu na kunitandia magotini vidoadoa vingi, vinavyotembea kila alipopiga kafi. Nilisali kwa ajili ya wale wawili kwenye mkeka, nikamsikia mkwe wangu nyuma yangu akipumua kwa kazi, na sikuona haja ya kuongeza neno.