Machela ya Mama na Mwavuli Mwekundu

Mimi ni fundi wa maturubai, na nasema bila haya kwamba katika miaka yote ya vita hapakuwa na mtu Bujumbura aliyeweza kutundika machela haraka kuliko mimi. Kama yupo, ajitokeze. Kulhuwallahu kumi kuitundika kati ya miti miwili, saba kuifungua na kuishindilia mfukoni. Msomaji wa sura hiyo fupi ya kuhesabia muda alikuwa mke wangu, kwa sababu saa yetu ya ukutani ilikwisha kufa na ya mkononi hatukuwa nayo. Alisoma kwa mwendo wa kawaida, hakunipendelea hata siku moja.

Tulikuwa tunakaa Gasenyi, pale mji unapoishia na milima kuanza. Karakana yangu ilikuwa Buyenzi, mtaa wa Waislamu, nilikozaliwa, na huko ndiko nilikoshonea maturubai ya malori na viti vya magari. Mama alihamia kwetu baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Mfupa haukuunga vizuri. Hakuweza kusimama, hakuweza kukaa, aliweza kulala chali na kusema. Kwa kusema alikuwa mzima kabisa.

Risasi zilipoanza kulia mlimani, watu wa Gasenyi tuliteremka Kigobe. Tulikaa kando ya barabara, chini ya miti iliyopandwa mbele ya kuta za ofisi, tukingoja kutulie turudi. Wengine walibeba furushi kichwani wakaenda. Sisi tulikuwa na Mama. Mara ya kwanza tulimpakia kwenye toroli la kubebea mchanga, juu ya godoro. Kila jiwe tulilopanda alipiga kelele, na mimi niliyekuwa nasukuma nililia njia nzima, sioni sababu ya kuficha. Kigobe tulimlaza kwenye ardhi yenye maji, na tuliporudi alikuwa na kidonda mgongoni.

Jioni ile aliniita, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani:

“Mwanangu, siku ingine muende, we na muke wako. Muniachie maji na radio.”

“Apana, Mama.”

“Apana nini? Mi nimeshakula miaka yangu. Muniachie maji na radio.”

Nilikasirika, nikatoka nje nikapiga teke lile toroli hadi kidole kikavimba. Nilijua kwamba amesema kweli yake na ataishika. Nilijua pia kwamba siku risasi zikirudi, nitasimama mlangoni nikiwa na mke mkono huu na mama mkono ule, na sitajua la kufanya.

Ndipo nikashona machela. Turubai la lori lina joto na ni zito, nikaliacha. Nilichukua kitambaa cha hema kuukuu, chepesi, kisichonyonya maji. Kila ncha niliikunja nikaishona mara tatu, nikapitisha kamba nene yenye kitanzi. Badala ya kufunga kamba kwenye mti, ambako huteleza, nilitumia mikanda ya viti iliyotoka kwenye magari mabovu karakanani. Mkanda unauzungushia mti, unafunga fundo moja la kuvuta, basi. Njiani tulipitisha mwanzi kwenye vitanzi vile viwili, mchukuzi mmoja mbele na mmoja nyuma, na Mama akaning'inia katikati. Tukifika kwenye miti, vitanzi vinatoka kwenye mwanzi na kuingia kwenye mikanda, na Mama hagusi chini.

Uani kwetu nilifanya mazoezi kati ya mparachichi na nguzo ya jiko. Nilijifunza mambo. Mkanda ufungwe juu, usawa wa mkono ulioinuliwa, la sivyo mgonjwa anagusa chini. Mfuko ubaki umening'inia kwenye mti wa kwanza, na kitambaa kitoke mdomoni mwake kadiri unavyotembea kuuendea mti wa pili, kisiguse matope. Wakati wa kufungasha usikunje. Kukunja ni kazi ya kabati. Shindilia tu kuanzia ncha moja, na ncha ya mwisho iachwe mdomoni, kwa sababu hiyo ndiyo utakayoishika kwanza kesho. Na alalaye alale mshazari, ndipo mgongo unanyooka. Siku nilipojilaza mwenyewe kuijaribu, fundo liliachia nikaangukia makalio. Mama alikuwa anatazama dirishani kutoka kitandani. Alicheka hadi akashika nyonga kwa maumivu, na maneno ya maji na radio hakuyataja tena wiki ile.

Mchukuzi wa pili alikuwa jirani yetu, karani wa ofisi moja Kigobe, Mkristo, mtu wa kuvaa tai hata siku ya risasi. Alifanya mazoezi nami kila Jumapili baada ya misa, akilalamika. “Doucement, fundi, polepole! Mabega yangu ni ya kalamu.” Lakini hakukosa hata siku moja.

Siku yenyewe ilikuja asubuhi, chai haijamiminwa. Mke wangu alianza Kulhuwallahu ya kwanza, na kabla hajamaliza ya tisa tulikuwa nje ya lango, mwanzi begani, Mama ndani. Nilijisikia mwanamume. Jua lilikuwa kali tayari, likimpiga machoni. Basi nikachukua shuka jeupe nikamfunika, kuanzia kichwani hadi miguuni. Mtu yeyote aliyezaliwa Buyenzi angeliona kosa lile akiwa ng'ambo ya barabara. Mimi nilizaliwa Buyenzi, na sikuliona.

Mwenye baiskeli alishuka akavua kofia. Wanawake waliokuwa wanateremka na mafurushi walitusogelea, wakasema “Mwihangane,” ambayo kwa Kirundi ni pole ya kumwambia aliyepatwa. Nikadhani wanatupa pole ya ugonjwa, nikawashukuru. Kisha wakaja wanaume wa Kiislamu, kundi zima, kofia vichwani. Bila neno, mmoja aliingia chini ya mwanzi akanitoa mimi. Mwingine akamtoa karani. Hiyo ndiyo desturi yetu: jeneza likipita huulizi la nani, unaingia chini yake, unatembea hatua chache, unampa wa nyuma yako, na mwendo ni wa haraka kwa sababu maiti hacheleweshwi. Nilikimbia kando yao nikihema, nikistaajabu wema wa watu. Walipoanza kutamka shahada nilidhani wanatuombea usalama. Tulipofika Kigobe walipita miti yetu bila kupunguza mwendo.

“Fundi,” karani aliniuliza, “hawa wanatupeleka wapi?”

Kabla sijajibu, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alinishika kiwiko, akauliza kwa upole:

“Mwanangu, huyu mama yako, ni mutu wa namna gani?”

Nilikuwa sina pumzi. Neno moja tu lilinitoka.

“Mukali.”

Ndani ya shuka sauti ikasema: “Mukali kwa nani?”

Aliyekuwa mbele aliuachia mwanzi, karani akaudaka kwa mabega yake ya kalamu. Mzee alisema Subhanallah mara mbili. Mama akateremsha shuka hadi kidevuni, akawatazama wale wanaume mmoja mmoja, kisha mimi. Kumbe alikuwa macho njia nzima. Alinyamaza makusudi, apate kusikia watu watasema nini juu yake.

“Na we,” akaniambia, “mutoto wa tumbo langu, umepata neno moja tu.”

Tuliitundika machela kwenye mikaratusi miwili. Wale wanaume walicheka hadi wakafuta machozi, na watu wakaja kumwona mama aliyefufuka. Mama peke yake hakucheka. Tuliporudi nyumbani alasiri aliniambia kwamba hataingia tena kwenye kitu kile.

Nilimweleza habari ya mikanda, fundo, na kidonda ambacho safari hii hakikutoneshwa.

“Fundo yako ni muzuri,” alisema. “Kitanda ni muzuri. Lakini watu wamenililia, na mi nasikia. Sitabebwa kama maiti na mi iko muzima. Maji na radio.”

Ningejua la kujibu kama angesema machela inayumba, maana kuyumba kuna dawa yake. Siku tatu nilikuwa nashona vibaya karakanani, nachoma vidole, na kila mlio wa mlango wa chuma nikidhani ni risasi. Niliogopa kuliko wakati wowote wa vita ile. Mke wangu alijaribu, karani alijaribu kwa Kifaransa chake chote. Mama aligeuza uso ukutani.

Siku ya nne alinituma.

“Nipe mwavuli yangu.”

Ulikuwa mwavuli mwekundu, aliokuwa akienda nao sokoni zamani, na tangu avunjike ulikaa nyuma ya mlango na vumbi lake. Aliufungua kitandani, akauzungusha.

“We umeshaona maiti anashika mwavuli?”

Nikataka kumshonea mahali pa kuchomeka mpini, asichoke. Akakataa, akasema atashika mwenyewe, hiyo ndiyo maana yake.

Risasi ziliporudi zilikuwa karibu kuliko mara ya kwanza, mabati ya nyumba ya pili yalitoboka. Mke wangu alianza kusoma. Mama aliufungua mwavuli chumbani kabla hatujamwinua, ukakwama mlangoni, tukasukumana pale, karani anapiga ishara ya msalaba, mke wangu akasahau amefika ya ngapi. Mpaka leo sijui tulitumia muda gani. Barabarani Mama alisalimia kila mtu. “Asalam alekum! Mwaramutse! Iko muzima!” Watu walishangaa, wengine walicheka katikati ya hofu yao. Na bado walikuja chini ya mwanzi. Miaka ile mtu alikuuliza kwanza unatoka mtaa gani, apate kujua kabila lako, na jibu likawa kubwa kuliko wewe. Siku ile hakuna aliyeuliza. Waliingia, wakatembea hatua zao, wakampa wa nyuma. Kwenye kizuizi askari alimwambia Mama afunge mwavuli, unamzibia kuona. Mama akamwambia asogee. Akasogea.

Tuliteremka Kigobe hivyo mara nyingi. Ikafika siku machela ikakaa mfukoni mwezi mzima, kisha mwaka, tukajua kumetulia.

Mama alikufa kitandani kwake asubuhi moja, dirisha liko wazi, kimya nje. Tulimbeba kwenye jeneza la msikiti. Karani alikuja na tai yake, akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa kuingia chini, nikamvuta mkono. Mabega yalipokezana haraka kama inavyotakiwa, na uzito wa Mama niliujua mimi kuliko wote.

Kabla ya kumzika, sheikh aliuliza kama kawaida: mnamshuhudiaje huyu? Watu wote wakajibu kwamba alikuwa mtu mwema. Nami nikajibu hivyo pamoja nao. Kisha nikainama karibu na sanda, nikasema polepole:

“Mukali.”

Nikangoja. Karani alikuwa ubavuni mwangu, naye akangoja. Sheikh alitutazama, hakutuharakisha.

Halafu tukamteremsha.