Wifi Inanisumbua

Mume wangu anafanya kazi Ruangwa na hurudi Nachingwea mwisho wa wiki, kwa hiyo mambo mengi ya nyumba yake huyasoma kwenye simu. Siku moja nilimwandikia: "Wifi inanisumbua mpaka nataka kulia." Nilikusudia mtandao wa nyumbani, ule tunaoutamka waifai. Yeye akamsoma dada yake, ambaye ndoa ilipomvunjikia alihamia kwetu na kompyuta yake, akapewa chumba cha nyuma.

Alinipigia papo hapo. "Hata kama amekukosea, ndiyo umwandike 'inanisumbua' kama redio?"

Nilicheka, nikamweleza. Lakini mume wangu si mtu wa kuacha jambo nusu. "Na yeye mwenyewe je, hakusumbui?"

Nikageuka kabla sijajibu. Simu ilikuwa kwenye spika, na wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi. Akaiweka mezani taratibu, akarudi chumbani kwake. Jioni alimpigia kaka yake, akamwomba amtafutie chumba Ruangwa. Ruangwa ndiko alikoachika, na hakuna kitu alichokitamani huko. Nilijua hivyo, na bado sikumzuia.

Ukweli ni kwamba alikuwa akinisumbua. Mimi ni mwalimu, na nikishamaliza vipindi nasoma shahada kwa mtandao. Yeye huandaa taarifa za chama cha wakulima wa ufuta na kuzituma. Kila tulipofungua kompyuta zetu wakati mmoja, mmoja wetu alitupwa nje ya mtandao. Nikiingia mimi, namsikia huko nyuma anasonya. Nikitupwa, najua yeye kaingia. Niliamini kabisa kwamba ana mbinu ya kunikata. Baadaye aliniambia kwamba naye aliamini vivyo hivyo, ila aliona mwenye nyumba ana haki yake.

Wiki ile ile mtandao ulinikatikia katikati ya jaribio. Nina hasira za karibu, sifichi. Nilibeba kompyuta mikononi hadi chumbani kwake. Nguo zake zilikuwa zimeshakunjwa kitandani.

"Wifi, tazama unachonifanyia."

Akageuza ya kwake. "Na wewe tazama."

Vioo viwili, onyo moja la Kiingereza, ambalo kila mmoja wetu alikuwa akilifunga bila kulisoma: kompyuta nyingine kwenye mtandao huu inatumia anwani hii hii.

Tukaingia kwenye mipangilio. Kila mashine ndani ya nyumba inapaswa kuwa na namba yake, ili inachoomba kwenye mtandao kiirudie yenyewe na si nyingine. Zetu zilifanana tarakimu kwa tarakimu, zote zikiishia na ishirini. Ni kama wajina wawili katika nyumba moja: ukiita, wote wanaitika abee. Yangu iliwekwa na fundi. Ya wifi iliwekwa na kaka mtu, ambaye alinakili kila kitu kutoka kwangu kama kilivyo, akajipongeza, akaenda zake Ruangwa.

"Nitabadilisha mimi," wifi akasema. "Mimi ndiye mgeni."

Neno lile lilinichoma. "Hakuna mgeni hapa," nikamjibu, lakini likatoka kama karipio. Nikarudi sebuleni, na bila kusema kitu nikaibadilisha yangu iwe ishirini na moja. Sijakaa vizuri, mtandao ukakatika tena.

"Wifi!" tukaitana kwa pamoja. Naye alikuwa ameweka ishirini na moja.

Tulicheka mpaka akakaa sakafuni. Kila mtu kampisha mwenzake, tukagongana upya. Nikamwambia asiguse kitu, nikajipa thelathini, mambo yakatulia. Jioni nzima kila mtu alifanya kazi yake. Lakini asubuhi nguo zilikuwa bado zimekunjwa pale pale, na sikuthubutu kuuliza.

Jumamosi mume wangu alifika na habari ambayo yeye aliiona njema: chumba kimepatikana, karibu na soko, kina umeme, mwenye nyumba anasubiri jibu. Wifi alikuwa chumbani akichapa, mlango wazi. Nilimpenda yule dada, nilikuwa sijawahi kumwambia, na niliogopa kwamba nimechelewa.

"Mjibu kwamba hahami," nikasema. "Hapa ni kwake. Simsemei yeye, najisemea mimi. Akitaka kwenda, aje aniambie usoni."

Vidole vya wifi vikasimama. Mume wangu akanitazama, akautazama mlango. Mimi nilikuwa bado nimeshika kikombe cha chai cha mume wangu bila kumpa.

"Kaka," wifi akaita kutoka chumbani, "ile meza yangu niliyoiacha Ruangwa. Ukija tena, uje nayo."