Saa ya Babu Chini ya Mihogo

Juzi sokoni Kasulu nilimwona kijana akinunua saa za mkono za zamani, zile walizovaa askari wa Mwingereza vitani, na papo hapo nikasikia harufu ya mihogo iliyolowekwa.

Nilipokuwa mtoto kule Heru Juu, alasiri moja bwana mmoja mwenye shati jeupe alisimama uani kwetu.

"Shikamoo mama. Naambiwa mzee alipigana vita vya Mwingereza. Saa yake ya jeshi bado anayo? Mimi nazikusanya."

Babu alikuwa shambani kwenye maharage. Bibi aliingia ndani. Kwa akili yangu ya kitoto, anayekusanya saa atakusanya na wenye saa. Vita vimeanza tena, na Babu anaitwa.

Nilimfuata Bibi. Aliichomoa saa chini ya godoro, ikilia ti-ti-ti kama mdudu, akaitumbukiza kwenye chungu cha mihogo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana niliona kwamba na yeye anawaza nilichowaza mimi.

"Saa ilishakufa," alimwambia yule bwana. "Na mzee hawezi kutembea."

Leo najua alikuwa mnunuzi tu.

Babu aliporudi, Bibi alimweleza. Babu aliitoa saa ikidondosha maji meupe yenye uchachu, akaiweka sikioni. Haikulia tena. Nikangoja agombe.

Aliirudisha taratibu chini ya mihogo, akachungulia njiani.

"Una hakika ameondoka?"